Karatasi Juu ya Mafiga

Alhamisi asubuhi printa ya Ursula ilianza kusema uongo. Trei ilikuwa imejaa, yeye mwenyewe ndiye aliyeijaza, na bado kile kioo kidogo kikaandika kwamba hakuna karatasi. Akaichomoa trei, akazigonga karatasi mezani zikae sawa, akairudisha. Printa ikanguruma, ikakwaruza ndani kwa ndani, ikatulia. Hakuna karatasi.

"Una macho wewe?" Ursula akaiuliza. "Hizi ni nini, chapati?"

Akabonyeza tena. Safari hii printa ikaamua kulipiza. Ikavuta karatasi nne kwa mpigo, ikazitafuna hadi katikati, ikakwama huku kona moja ikichungulia nje.

Mambo haya yangetokea akiwa peke yake, yangekuwa matatizo ya kawaida ya steshenari. Lakini kwenye benchi alikuwa ameketi Mama Adela, mwenyekiti wa kamati ya Komunyo ya Kwanza, mkoba wake mapajani, amekuja kuona kitabu cha kwanza kati ya vile vya Misa alivyopewa Ursula kuchapa. Mama Adela si mtu mbaya. Ila ana kipaji cha kusema neno dogo likakukaa kifuani wiki nzima.

"Pole, Mama Noela," akasema kwa upole. "Mimi niliwaambia wenzangu, tuvipeleke tu mjini kati kwenye mashine kubwa. Wakasema hapana, tumuunge mkono mwenzetu."

"Vitakuwa tayari, Mama Adela. Jumamosi jioni nitakukabidhi."

"Nami naomba hivyo. Maana zile karatasi ni za Padri."

Hilo hakuwa na haja ya kulisema, Ursula alilijua vizuri. Karatasi zilikuwa nzito kidogo, za rangi ya krimu, zawadi ya mgeni mmoja aliyezileta parokiani kutoka mbali, na Songea nzima hakuna duka lenye kama hizo. Paroko alimkabidhi maboksi mbele ya jumuiya yote, watu wakapiga makofi, naye Ursula akasimama pale na gauni lake la kanisani akasema ataweza. Noela, binti yake, alikuwa miongoni mwa watoto watakaokomunika Jumapili hiyo. Sasa akiwa amechuchumaa mbele ya printa, anang'oa vipande vya karatasi ya Padri kimoja kimoja, alijisikia aibu mpaka masikio yakamchemka.

*

Hapa lazima nimtangulie Ursula kidogo, niseme jambo ambalo yeye alikuwa bado hajalijua.

Wiki ile aliyokwenda Mbinga kwenye msiba wa mjomba wake, mvua kubwa ilinyesha Mfaranyaki, mtaani kwao. Nyumba yao ina chumba cha mbele ambacho ndicho steshenari, na chumba hicho kina bati moja lililolegea. Romanus, mume wake, ni fundi seremala, na tangu Kwaresima ilipoanza alikuwa akisema atapanda kuligongomea. Pasaka ikaja ikapita, bati likabaki linamsubiri. Maji yakaanza kudondoka kwenye kona ileile yalipokuwa maboksi ya Padri.

Aliyeona ni Bibi Getruda, mama yake Romanus. Akayabeba maboksi moja moja kifuani, akavuka nayo uwanja hadi jiko la nje. Kanga yake ililowa, karatasi hazikulowa, isipokuwa yale makaratasi ya kufungia rimu, ambayo aliyachana akayatupa. Kisha akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Mpitimbi, kijiji alikotoka, angekifanya kwa kitu cha thamani wakati wa masika. Akazipanga karatasi kwenye kichanja cha juu ya mafiga, ubavuni mwa mahindi ya mbegu, akachochea moto. Kwa siku zote ambazo Ursula alikuwa msibani, karatasi za Komunyo zilikaa pale juu zikipigwa joto na moshi, na kila jioni Bibi alizigusa kwa kiganja, akaridhika. Ursula alipokaribia kurudi, akazirudisha ndani ya maboksi na kuyaweka mahali pakavu, na hakuna ambaye angeifanya kazi hiyo kwa upendo kuliko yeye.

Alimwambia Romanus. Romanus alikuwa anatazama mpira. Alisema, "Ee, Mama, vizuri."

Na sasa jambo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Bibi Getruda alihamia kwa mwanawe mwaka jana baada ya kufiwa na mumewe. Romanus alimtengenezea kabati zuri la mninga, lenye milango miwili na kitasa cha shaba. Kabati lilikuwa tupu. Nguo zote za Bibi zilikuwa bado ndani ya begi alilokuja nalo, na begi lilikaa juu ya kigoda pembeni ya mlango wa chumba chake, zipu imefungwa. Kila alipokosea kitu, akiunguza maharage, akisahau kufunga banda la kuku, aliwaambia, "Mimi mnirudishe tu Mpitimbi. Mzee asiye na kazi ni mzigo." Mara mbili walimkuta amelibeba begi hadi getini. Mpitimbi kwenyewe hakuna wa kumpokea. Nyumba imeanguka upande mmoja, majirani wa rika lake wamekwisha. Ursula alikuwa analiogopa lile begi kuliko printa. Alikwishamzoea yule mama, alimpenda, na hakutaka aondoke.

*

Crispin, fundi wa mashine kutoka Bombambili, alifika saa sita na bodaboda, tope hadi magotini. Ni kijana anayependa kueleza, na akipata wa kumsikiliza anaongeza sauti.

"Mama Noela, wewe unadhani printa inaona karatasi. Haioni. Inapapasa." Akaitoa trei yote, akaelekeza kidole ndani, palipo giza. "Huu mpira mweusi ni roleri. Ndiyo inavuta karatasi ya juu. Hapa chini kuna kipedi, hicho kazi yake ni kuzizuia nyingine zisifuatane nayo, mmoja aende, wengine wabaki. Sasa tazama huku. Unakiona hiki kikono cha plastiki?"

"Nakiona."

"Hiyo ndiyo sensa, kihisi chake. Karatasi ikipita inakisukuma, kinalala. Kikilala mashine inajua, aha, mgeni amefika. Roleri ikizunguka na mgeni hajafika, mashine haisubiri. Inasema hakuna mtu."

"Kumbe ni kipofu."

"Kipofu kabisa. Halafu hana subira."

Akaifuta roleri kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kikatoka na rangi ya kahawia. Crispin akakitazama, akamtazama Ursula.

"Humu ndani mnapika?"

"Tupike nini? Hapa ni ofisini."

"Basi sijui." Akatoa begini mwake karatasi nyeupe za kawaida, akaziweka kwenye trei, akabonyeza. Zikapita moja baada ya nyingine bila kelele, kana kwamba printa haijawahi kugombana na mtu. Akarudisha zile za krimu. Ikakwaruza. Hakuna karatasi.

"Mashine ni nzima, Mama Noela. Anayeumwa ni karatasi."

Ursula akachukua moja, akaishika kwa ncha ya vidole. Ikajikunja yenyewe, kingo zikainuka juu kama ganda la muhogo lililoanikwa. Akashika ya pili, ikaja na ya tatu imeng'ang'ania mgongoni. Zilikuwa kavu kupita kawaida, na juu kulikuwa na utelezi fulani usioonekana. Ndipo alipoipeleka puani.

Alifahamu mara moja. Si kwamba alifikiri kwanza. Harufu ile ilikuwa ya jiko la mama yake mzazi kule Mbinga, ya mahindi ya mbegu, ya nguo za shule asubuhi ya baridi. Akageuka akatazama kupitia mlango wa nyuma, jikoni, moshi ulipokuwa unatoka polepole chini ya bati.

Na mlangoni hapohapo akatokea Bibi Getruda na sinia, vikombe viwili vya chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha.

"Shikamoo, Bibi," Crispin akasema, kisha bila kupumzika, kwa sababu alikuwa amekwisha kunusa naye: "Jamani, ni nani huyo mwenye akili ya ajabu aliyechukua karatasi aka..."

"Crispin," Ursula akasema, "kunywa chai."

"Nilikuwa nauliza tu kwamba..."

"Chai itapoa."

Crispin si mjinga. Akanywa chai. Bibi akatazama karatasi mkononi mwa Ursula, akatazama ile trei iliyo wazi, akauliza kama mashine imepona. Ursula akajibu kwamba inaendelea vizuri. Bibi akaondoka taratibu.

*

Jioni walikula ugali na likolo, mboga ya majani ya maboga. Bibi alipokwenda kulala, Ursula alimgeukia mumewe.

"Mama aliziweka karatasi kichanjani."

Romanus akaacha kutafuna. "Kumbe ndicho alichokuwa ananiambia."

"Alikwambia?"

"Si kulikuwa na mpira."

"Romanus!"

"Basi mwambie Mama ukweli, yaishe."

"Mimi? Ni mama yako."

"Karatasi ni zako."

"Na bati ni la nani?"

Romanus akaanza kukwangua sahani isiyo na kitu. Ursula akatamani kucheka na kulia kwa pamoja. Crispin alikuwa amemwachia dawa kabla ya kuondoka: karatasi zitandazwe, zisirundikwe, zikae kwenye hewa ya mvua zinywe unyevu kidogo, kisha zigeuzwe mgongo zirudi kunyooka. Siku moja ingetosha. Lakini karatasi zote zile zitandazwe wapi bila Bibi kuona? Nyumba yenyewe vyumba vitatu.

"Mama akiuliza, nitasemaje?" Ursula akasema. "Vitabu, ikishindikana kabisa, nitakwenda kwa Padri nipige magoti. Mama akifika getini na lile begi mara ya tatu, unadhani tutamrudisha?"

"Mwambie karatasi za siku hizi ndivyo zilivyo."

"Nitamdanganya mtu mzima?"

"Kidogo tu," Romanus akasema, na alipoona anavyotazamwa akaongeza, "Kesho asubuhi ninapanda kugongomea bati."

Na kweli, Ijumaa kabla hata ya kunywa chai, alikuwa juu ya paa na misumari mdomoni.

*

Ursula alianza na kitanda chao. Akatandaza karatasi moja moja juu ya shuka, kitanda kikajaa. Akaenda kwenye makochi, kwenye meza, juu ya friji. Nje manyunyu yalikuwa yanashuka, na madirisha aliyaacha wazi ili unyevu uingie. Noela alipotoka kwenda shule alipita kwa ncha za vidole, akicheka, viatu mkononi.

Bibi Getruda akatoka chumbani kwake, akasimama.

"Hii ni nini tena?"

"Karatasi, Mama," Ursula akasema, na uongo alioupanga usiku kucha ukamtoka kinyonge. "Hizi za siku hizi zinataka kupumzika kabla ya kuchapwa."

Bibi akainama, akachukua moja. Ikajikunja kiganjani mwake. Akainyoosha, ikajikunja tena. Akainusa. Ursula alimwona akiinusa. Bibi akairudisha pale alipoitoa, akaisawazisha kwa kidole, akaingia chumbani mwake.

Halafu ikasikika zipu.

Ursula akaweka chini karatasi alizoshika, akamfuata. Begi lilikuwa limetoka kwenye kigoda, liko kitandani, limefunguliwa, na Bibi alikuwa anakandamiza ndani yake rozari yake, Biblia na kopo la mafuta ya kujipaka. Vitu vyake vyote vya duniani vilienea humo.

"Mama."

"Nimeharibu karatasi za Padri."

Ursula alikuwa na maneno mengi ya kukataa. Alipofungua mdomo aliona kwamba yote yangekuwa matusi kwa mtu mwenye pua yake na akili yake timamu.

"Zimekauka mno," akasema. "Zimejikunja, na moshi umezifanya ziteleze. Mashine inashindwa kuzishika."

"Mbegu ukiiacha chini wakati wa mvua inaota ukungu. Mimi ndicho ninachokijua."

"Najua, Mama. Kwetu pia ni hivyo."

"Sasa watoto watakosa vitabu. Noela wetu naye. Mwiteni huyo Romanus ashuke huko juu anitafutie usafiri. Mimi hapa ninawamalizia vitu."

"Yuko juu anagonga bati," Ursula akasema. "Bati lenyewe lingekuwa limegongwa, maji yasingedondoka. Na yalipodondoka, ni nani alikuwa humu ndani? Mimi nilikuwa Mbinga. Yeye alikuwa kwenye mpira. Zingelowa, Mama, ningekuwa na uji. Zilizokauka zinatibika. Uji hautibiki."

Mkono wa Bibi ukaacha kukandamiza.

"Sikuja kukubembeleza," Ursula akaendelea, na hilo halikuwa kweli kabisa. "Nimeishiwa pa kutandaza. Bado boksi zima na nusu, na sakafuni siwezi kuziweka, saruji ina vumbi. Nilikuwa nauliza kama una kitu cha kunisaidia."

Juu ya vichwa vyao nyundo ya Romanus iligonga, ikapumzika, ikagonga. Bibi Getruda akalitazama begi lake. Kisha akaingiza mikono yote miwili, akatoa kitenge cha kwanza, cha buluu, akakikung'uta. Akatoa cha pili. Akatoa kanga za msiba wa mumewe, bado zina mikunjo ya dukani, akatoa shuka jeupe alilokuwa amejiwekea kwa ajili ya siku yake ya mwisho, akasita nalo kidogo, akalitoa nalo.

"Hili ndilo safi kuliko yote," akasema. "Tandika sebuleni."

Walitandika sebule, wakatandika varanda ya ndani, wakatandika chumba cha Bibi ukuta kwa ukuta. Walifanya kazi wamepiga magoti, wakirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni kama wanaopanda mpunga, na Bibi alikuwa na mkono mwepesi kuliko Ursula. Romanus aliposhuka hakupata pa kukanyaga. Alikula mchana akiwa amesimama jikoni, na hakulalamika.

Begi likabaki kitandani, mdomo wazi, halina nguo.

*

Jumamosi walianza mapema. Ursula aliweka karatasi chache chache kwenye trei, zile zilizogeuzwa mgongo, akavisogeza vile vishikizi vya pembeni viziguse bila kuzibana. Bibi Getruda alikaa kwenye kigoda kando yake na kazi yake ilikuwa kuzipepea: anashika fungu, analikunja kidogo huku, analikunja kidogo kule, anaziachia ziachane. Hakuna aliyemfundisha. Alimwona Ursula akifanya mara moja tu.

Ursula akabonyeza, akafumba macho.

Roleri ikazunguka. Kikasikika kile kijimlio kidogo cha kikono kulala. Karatasi ya krimu ikatoka upande wa pili, ina msalaba na zabibu na jina la parokia, ina joto.

"Imeona!" Bibi akasema.

"Imepapasa, Mama. Haioni."

"Basi imepapasa. Endelea."

Ikaendelea. Hapa na pale ilikataa, ikadai hakuna kitu, na Ursula akaifuta roleri, akaibembeleza, ikakubali. Baada ya muda Bibi alikuwa anajua kwa sikio. "Hiyo imevuta mbili," anasema kabla hazijatoka, na kweli zinatoka mbili. Noela alikunja, Romanus akapiga pini kwa mashine ya kubania, akijigonga kidole mara moja na kulaumu pini. Kulikuwa na vicheko katika chumba kile, na chai ililetwa mara ngapi sijui, na bati halikudondosha hata tone.

Jua lilikuwa bado halijazama Mama Adela alipofika. Akachukua kitabu cha juu, akakifungua, akapitisha kidole kwenye wimbo wa kuingia. Ursula alimwona akitafuta kosa na kulikosa. Kisha pua yake ikatikisika.

"Mbona vinanuka moshi?"

Ursula akapumua ili ajibu, lakini jibu likatoka kwenye kigoda.

"Niliziweka karatasi kichanjani mimi," Bibi Getruda akasema. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. "Maji yalikuwa yanaingia. Nikaziweka na mbegu."

Mama Adela akamtazama. Akakitazama kitabu. Akakirudisha puani, safari hii akavuta kwa muda zaidi kidogo.

"Kwa mama yangu kulikuwa hivihivi," akasema, akaanza kuvipanga kwenye mfuko. Kwa Mama Adela hayo yalikuwa maneno mengi.

Jumapili kanisa zima lilikuwa na harufu ya jikoni. Watu wazima walifungua vitabu, wakatazamana, wakatabasamu bila kujua wanatabasamia nini, na mzee mmoja wa safu ya nyuma aliendelea kushikilia chake karibu na uso muda wote wa mahubiri. Noela alipopita mbele na taji lake la maua meupe, Bibi Getruda alilia waziwazi, akajifuta kwa kitenge cha buluu.

Baada ya Misa Paroko alimpa Ursula mkono, akamwambia kuna maboksi mengine mawili yamebaki stoo. Ya vitabu vya Kipaimara. Romanus akaenda kuyachukua kwa bodaboda jioni ileile, akayatua kizingitini, akauliza yakae wapi. Ile kona ya steshenari sasa ilikuwa kavu. Rafu ilikuwa na nafasi.

Ursula akamgeukia mama mkwe wake, ambaye alikuwa varandani anachambua mboga.

"Mama, karatasi za Padri zimekuja nyingine. Tuziweke wapi?"

Bibi Getruda akaweka ungo chini. Alifikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo zito. Akatazama jikoni, akatikisa kichwa. Akatazama paa. Mwishowe akasimama, akajikung'uta majani mapajani.

"Zileteni chumbani kwangu," akasema. "Ziwekeni kwenye kigoda, pale begi lilipokuwa."